Jiwe Nililolilamba Choma

Kuna watu hapa Tabora wananisalimia kwa kutoa ulimi kidogo, halafu wanacheka na kupita na baiskeli zao, na mimi naitikia kama mtu asiyeelewa, lakini naelewa sana. Habari yenyewe imeshazunguka stendi, sokoni, hadi Isikizya, na kila anayeisimulia anaongeza yake (yupo anayesema nililamba sufuria, jambo ambalo si kweli, sufuria sikuigusa kabisa), kwa hiyo nimeona bora niiseme mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu, maana mimi ni mtu wa kubeba vitu vizito.

Kwanza mnijue. Mimi nina stashahada ya jiolojia. Sikuhongwa wala sikupewa na mjomba, ada niliilipa kwa kuuza asali ya mama kwenye madirisha ya treni, chupa moja moja, nikasoma, nikaingia machimboni, nikakaa miaka tisa nje ya mkoa huu, nikarudi na pikipiki yangu, kipimo changu cha maji ya ardhini na ofisi yenye mlango wa kioo. Ukitaka kuchimba kisima bila kuchimba shimo la bure, unakuja kwangu. Watu wananiita Injinia. Najua stashahada haimfanyi mtu kuwa injinia, lakini mtu akikuheshimu barabarani utamsimamisha umsahihishe?

Sasa kazi yangu ni maji, ila mapenzi yangu ni mawe. Sirudi kutoka mahali popote bila jiwe. Nayapanga chumbani kwenye trei za mayai, madogo kila moja na tundu lake, makubwa chini ya kitanda, na kila jiwe lina kipande cha plasta chenye namba, mahali na neno moja au mawili ya kunikumbusha. Jumapili tukitoka kanisani nayatoa barazani, nayasugua kwa mswaki wa zamani, nayaanika kwenye kitambaa, na nikifumba macho mama akaniwekea moja mkononi nalijua kwa uzito wake. Ninalo moja laini kama sabuni nililookota upande wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, na naamini limelainishwa na nyayo za wapagazi, pengine na za babu wa babu yangu aliyebeba pembe kutoka huku hadi pwani (mama anasema limelainishwa na mvua, lakini mama hana stashahada).

Na jiwe, ili ulione, lazima uliloweshe. Likiwa kavu limenuna, lina vumbi, halikwambii kitu. Liloweshe, rangi zinatoka zote kama kitenge kipya kikifunguliwa dukani. Maji hayako kila mahali, kwa hiyo sisi wa fani hii tunatumia ulimi. Ni kawaida kabisa. Walimu wangu walilamba, wenzangu walilamba, mimi nimelamba mawe ya mikoa kumi na moja na sijawahi kuumwa tumbo.

Basi nikampata Milembe, mwalimu wa shule ya msingi kule Isikizya, nilipokwenda kupima kisima karibu na shule yao. Zawadi yangu ya kwanza kwake ilikuwa jiwe. Akaliangalia, akaniangalia, akauliza, "Hili nalifanyia nini?" Nikamwambia usilifanyie kitu, lipende tu. Akacheka, akaliweka mezani kwake juu ya madaftari. Kuanzia pale nilijua huyu ndiye.

Kwao ni Choma, wilaya ya Igunga, watu wa pamba na ng'ombe, walokole wa heshima, baba yake ni mzee wa kanisa la Moravian. Siku ya kwenda kujitambulisha nilikwenda na baba mdogo wangu, Baba Mdogo Kapela, yeye ndiye mshenga. Alibeba kikapu alichokifunga mama: sukari, majani ya chai, kanga mbili na asali. Mimi nilivaa suti yangu ya kijivu, na mgongoni nikavaa begi langu la mawe.

"Hilo begi liache," Baba Mdogo alisema asubuhi ile.

"Mtaalamu hasafiri bila begi," nikamjibu.

Ulikuwa uamuzi mdogo tu, kubeba begi. Kila kitu kilichofuata kilitoka humo.

Njiani niliokota moja Nzega gari liliposimama, jingine stendi ya Igunga, na tulipopanda bodaboda kuelekea Choma nikamsimamisha dereva mara mbili, Baba Mdogo amekaa juu ya boda ya pili na kikapu mapajani, anatikisa kichwa tu. Tukafika tumechelewa. Wakatoka wanawake kutupokea mizigo, kama ilivyo desturi, kikapu kikachukuliwa vizuri, na Kabula, mdogo wake Milembe, akashika mkanda wa begi langu.

"Hapana, hili nabeba mwenyewe," nikasema.

"Mh! Shemeji, lina dhahabu?"

"Lina zaidi ya dhahabu," nikajibu, kwa sauti, ili na wa ndani wasikie.

Wakasikia. Niliona wanatazamana, na nikafurahi, sikuelewa kwamba mgeni aliyekuja kuposa akikataa kupokewa begi, watu hawafikirii mawe, wanafikiria zawadi kubwa inayosubiri wakati wake.

Kabla ya kukaa nikaomba choo. Nikaelekezwa nyuma ya nyumba, nikapita kwenye uwanja wa jikoni. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na moto wala sufuria, palikuwa na jivu limekusanywa pembeni, na kando ya jivu, limelala ubavu kama kitu kilichotupwa, jiwe. Jamani. Ukubwa wa boga dogo. Upande mmoja lina mistari myekundu na ya kijivu imepangana sawasawa kama imechorwa kwa rula, na upande wa pili limefunikwa utando mweusi, mnene, unaong'aa kidogo. Manganizi, yale madini meusi! Utando wa manganizi wa namna hiyo niliwahi kuuona chuoni tu, kwenye kabati lenye kufuli.

Nikapiga magoti na suti yangu. Nikalilamba. Mistari ikafunguka. Nikaligeuza, nikalamba na ule upande mweusi (ladha yake chungu kidogo, ya moshi, nikasema aha, ya ajabu hii), nikajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono uleule nilioligeuzia, nikatoa plasta na kalamu, nikaandika, nikalibandika, nikalitia begini. Choo nikasahau.

Sebuleni walikuwa wamekaa Mzee Masanja, baba yake Milembe, na wazee wawili wa kanisa, na kwenye mkeka Bibi Nkwimba, mama mzazi wa Mzee Masanja. Mama yake Milembe hakuwepo, na hakutakiwa kuwepo, kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, yeye alikuwa jikoni anaagiza kwa sauti tu. Bibi ni kinyume chake. Bibi wa mchumba ni mke wako wa utani, anaweza kukusema atakavyo.

Nikawaamkia, shikamoo wazee, marahaba ikaja nusu nusu. Wote wananitazama. Hawanitazami machoni, wananitazama chini ya pua. Nikajua wanasubiri nijieleze, basi nikajieleza. Nikaanza na asali, nikaja kwenye stashahada, nikaja kwenye mlango wa kioo, na kadiri nilivyoongea ndivyo walivyozidi kuutazama mdomo wangu, na mimi nikasema moyoni, hawa watu wanajua kusikiliza. Mzee mmoja wa kanisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Baba Mdogo, aliyekaa ubavuni kwangu, akanigeukia, akanitazama, akanifinya paja. Nikadhani ananipongeza.

Milembe akapita na jagi la maji ya kunawa. Akaniona, akasimama kama amegonga ukuta. Akagusa midomo yake kwa kidole, haraka, mara mbili. Sikuelewa. Nikaona labda ananiambia niseme zaidi. Nikasema zaidi. Akafumba macho.

Hapo ndipo Kabula alipoingia amepiga goti mlangoni. "Baba, samahani. Figa moja halipo."

"Halipo vipi?"

"Nililitoa pembeni nizoe jivu, nikaenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa, narudi yapo mawili."

Kwa anayepikia gesi nieleze: mafiga ni yale mawe matatu yanayobeba sufuria juu ya moto wa kuni. Mawili hayabebi kitu. Na kule jikoni sauti ya mama ilikuwa imeshapanda, inamsema Milembe, si Kabula: "Siku unayoleta mtu, jiko linakosa figa! Hiyo ni dalili gani? Wewe uliyesoma nieleze, ni dalili gani?" Nikasikia Milembe anajibu taratibu, "Sijui, mama," kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. Mzee Masanja naye akawa anatazama sakafu. Ilionekana wazi kwamba habari yangu na Milembe, iliyokuwa inaenda vizuri (kwa maoni yangu), inaanza kupinda kwa sababu ya jiwe la kupikia.

Mtaniuliza, mbona hukuunganisha? Wote wananiuliza hivyo. Jibu langu mpaka leo ni kwamba lile halikuwa figa, lilikuwa sampuli. Kitu nikishakipa namba, kichwani mwangu hakiwi tena cha mtu. Ukijumlisha na miaka tisa ya jiko la gesi, wala sikuwaza. Nilichowaza ni kwamba Mungu amenipa nafasi ya kumwokoa Milembe.

Nikasimama. "Wazee wangu, mawe ni kazi yangu. Nipeni dakika kumi."

Nikaenda na suti yangu hadi kwenye korongo nyuma ya shamba la pamba, nikapekua pale ng'ombe wanapochimbiwa maji, nikachagua jiwe jeupe linalometa, zuri kuliko yote, bado lina unyevu wa chini. Nikamkabidhi Kabula kwa mikono miwili. "Hili ni gumu kuliko chuma," nikamwambia. Kabula akalipokea, akanitazama mdomoni, akaondoka mbio ameziba mdomo wake. Hata huyu, nikasema, kazidiwa na furaha.

Moto ukawashwa, wali ukabandikwa. Tukaendelea kuongea, au niseme nikaendelea kuongea. Nilikuwa naeleza tofauti ya jiwe gumu na jiwe imara wakati jikoni kulipolia PAA! kama tairi la lori limepasuka, ikafuata sauti ya sufuria kubwa inaviringika, na mama mkwe anapiga kelele, "Mayo! Mayo wane!"

Jiwe lenye maji ndani likipata moto linapasuka. Hilo nililisoma. Mwaka wa kwanza. Nilifaulu hata swali lenyewe.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila wali wote ulikuwa kwenye jivu na kuku wa nyumba ile walikula siku hiyo kama wana harusi yao.

Bibi Nkwimba akainuka kwenye mkeka. "Mume wangu," akaniambia, "umetuletea jiwe la vita. Lakini si umesema mawe ni kazi yako? Na begi lako si lina zaidi ya dhahabu? Hebu tulione, labda humo mna la kupikia."

"Bibi, humo ni mambo ya kitaalamu tu..."

"Nimeolewa na mtaalamu, nisione?"

Akalivuta. Begi la mtu, bibi wa utani akilivuta, halirudishwi. Wanawake walikuwa wameshakuja mlangoni, Milembe yuko nyuma yao. Bibi akatoa jiwe la kwanza, akampa Kabula asome plasta, na Kabula akasoma kwa sauti ya darasani:

"Namba mia mbili na kumi. Nzega. Kando ya barabara, baada ya chai."

Kicheko.

"Namba mia mbili na kumi na moja. Igunga. Stendi, nyuma ya choo."

"Ametuletea hadi la chooni!" Bibi akasema. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga. Wewe umekwenda huko umesoma, umerudi unabeba mawe kuyapeleka kwenye mawe!"

Wakacheka hadi wazee wa kanisa, na mimi nikacheka pia, nikidhani mambo yanatengemaa. Bibi akatoa mengine mawili. Halafu akaingiza mikono yote miwili, akalitoa lile kubwa, akaliweka mapajani. Kicheko kikakatika kama umeme.

Kabula akasoma polepole. "Namba mia mbili na kumi na nne. Choma. Limetelekezwa."

Na mimi, jamani, hata hapo sikuelewa. Niliona kimya kile nikadhani ni kimya cha mshangao, nikainama nikaanza kuwafundisha. "Hilo hapana, Bibi, hilo usipikie. Hilo ni adimu. Mnaona huu utando mweusi? Huu ni manganizi. Huchukua muda mrefu sana kujijenga."

"Miaka thelathini na mbili," sauti ikasema kutoka nyuma ya mlango. Ilikuwa ya mama mkwe. "Tangu niolewe."

Bibi akapitisha kidole kwenye ule weusi, akakiinua watu wote wakione. "Manganizi," akasema. Kisha akanyoosha mkono, akapitisha kidole kingine kwenye mdomo wangu wa juu, akakiinua karibu na kile cha kwanza. Vilikuwa vinafanana kabisa. "Manganizi," akasema tena. "Mume wangu, ulikuwa unabusu jiko la mama mkwe wako?"

Masizi. Yalikuwa masizi. Mdomo, shavu, na nadhani hata meno, na nilikuwa nimekaa hivyo zaidi ya saa nzima nikisimulia stashahada yangu.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Mgeni haambiwi," mzee wa miwani akajibu kwa upole. "Tulidhani ni dawa ya mgodini."

Mzee Masanja ndiye hakucheka. Alilichukua lile jiwe kwa bibi, akalibandua plasta taratibu. "Kijana," akasema, "figa la mwanamke kwetu linaondoka jikoni akiwa amekufa au amefukuzwa. Mke wangu yu hai. Na mimi sijamfukuza." Akasimama, akalipeleka jikoni mwenyewe. Mimi! Nikatafuta neno kichwani, chuo kizima, nikakosa.

Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa, maana wali haukuwepo. Baba Mdogo akaomba radhi kwa maneno mazuri kuliko yangu yote ya siku ile, na akajibiwa, "Tutawajulisha." Milembe sikumwona tena. Tukaondoka, na begi nikaliacha pale pale kwenye mkeka, sikuthubutu kuliulizia.

Tulikuwa tunaikaribia Nzega. Baba Mdogo akaniuliza, akitazama dirishani, "Ulililamba kweli?"

"Kidogo."

Akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka, na ndiye aliyeanza kuisambaza habari hii, mimi najua ni yeye.

Wiki tatu zikapita. Milembe alikuwa ananijibu kwa neno moja tu: "Subiri." Mawe yangu nikawa siyagusi. Jumapili natoka kanisani, nakaa barazani na mikono mitupu, mama ananipita ananitazama kama anayetazama mgonjwa. Nilianza kujiuliza maswali ambayo hakuna aliyenifundisha kuyajibu: mtu anayejua jiwe lina umri gani, atashindwaje kujua ni la nani?

Siku moja nikapigiwa simu kutoka stendi, kuna mzigo wangu kutoka Igunga. Nikaenda. Lilikuwa begi langu. Zito. Nikajua wamerudisha mawe yangu, maana yake na mimi wamenirudisha. Nikalibeba hadi nyumbani bila kulifungua, nikalifungulia barazani. Yale mawe yangu manne hayakuwemo. Lilikuwemo moja tu, limefungwa kwenye kipande cha gunia. La mistari. Masizi yake yote yapo.

Nikachanganyikiwa kabisa. Wamekasirika mpaka wamelitupa? Wamelikataa kwa sababu nimelitia mate? Nikakaa chini, suruali yangu ya ofisini ikashika masizi, sikujali.

Mama akatoka ndani, akaliona. Akasimama. Akaachia kigelegele kirefu, kile cha harusi, hadi jirani akatokeza juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

"Mama, unashangilia nini? Wamelirudisha!"

"Wamelirudisha kwa nani? Lilikuwa lako?" Mama akanipiga kofi la kichwani, dogo, la furaha. "Mwanamke hatoi figa lake la miaka yote kwa mtu asiyemtaka. Huyo mama amekupa pa kuanzia jiko, wewe mwenye stashahada!"

Nikaligeuza. Upande wa chini lilikuwa na plasta mpya, yenye mwandiko mzuri wa mwalimu ninaoufahamu:

"Namba 1. Choma. Lisilambwe."

Milembe anasema mawili yaliyobaki tutayatafuta pamoja, na kila moja litajaribiwa kwanza kwenye moto, mimi nimesimama mbali. Nimekubali. Nimejiwekea na sheria nyingine: kabla sijainama kuokota jiwe lolote nauliza kwa sauti, "La nani hili?" Hata porini nauliza. Bodaboda wanaonichukua wameshazoea.

Figa sikuliweka kwenye trei wala chini ya kitanda, liko sebuleni, mama kalifunika kitambaa. Ila jioni ile, mama alipokwenda kuwaambia majirani, nilibaki nalo peke yangu, na lilikuwa kavu, limenuna, ile mistari haionekani vizuri. Nikatazama huku na huku. Nikalilowesha. Kwa maji ya kikombe.